Kuinua Gari, Kuinua Barabara

Katika nchi ambayo barabara nyingi za wilaya bado ni za udongo, uchaguzi wa springi za gari ni suala la siasa, hata kama anayechagua anaamini kwamba anazungumza na fundi wake tu. Nimelitafakari jambo hili kwa wiki kadhaa nilizokuwa nikitafuta vifaa vya kuinua Toyota Land Cruiser Prado yangu ya mfululizo wa 90. Gari hili hunipeleka kuwasimamia wanafunzi walio katika mafunzo kwa vitendo kwenye vijiji vya milima ya Uluguru. Wakati wa masika limekuwa pia, bila barua ya uteuzi, gari la wagonjwa la majirani wa mama yangu huko Mgeta.

Kazi hiyo ya pili ndiyo iliyonisukuma. Mzazi aliyeanza kuumwa uchungu saa 8 usiku hawezi kusubiri matope yakauke. Gari linapogusa tumbo kwenye tuta la katikati ya njia, lililochongwa na makorongo ya magurudumu pande zote mbili, hakuna anayejali kama dereva ana shahada ya uzamivu. Kila mtu hushuka kusukuma, isipokuwa yule aliyelala kiti cha nyuma.

Fundi niliyemwendea Morogoro mjini ni mtu wa maneno machache. Nilimuuliza bei ya seti nzima ya kuinua gari, naye akajibu kwa swali: "Kabla ya bei, Mwalimu, niambie huwa unabeba nini."

Hilo ndilo swali la kwanza katika kazi hii, na wauzaji wengi wa spea huliruka. Springi hutengenezwa kwa mzigo. Iliyokusudiwa gari linalobeba kilo 200 au 300 za kudumu, ikifungwa kwenye gari tupu, huligeuza kuwa mkokoteni: kila jiwe utalihesabu kwa uti wa mgongo, na matairi yatarukaruka badala ya kushika ardhi. Springi laini nayo, gari likijaa watu na viroba vya viazi, huzama na kugonga vizuizi vyake vya mpira. Nilimweleza kwamba siku nyingi huwa peke yangu na mkoba wa karatasi za mitihani, na siku chache nina watu watano na mizigo yao. Akaniambia nichague springi za mzigo wa kati, na shokomzoba zilizotengenezwa kwenda nazo. Kazi ya shokomzoba ni kutuliza mchezo wa springi. Ukifunga springi ndefu ukabakiza shokomzoba fupi za zamani, hizo fupi zitafika mwisho wa urefu wake kabla ya springi kumaliza kunyooka, na hazitadumu.

Swali la pili ni la kimo. Vijana wa mjini hupenda gari lililoinuliwa hadi likafanana na korongo aliyesimama majini. Kwenye gari kama langu, ambalo magurudumu ya mbele kila moja lina mkono wake na springi yake, kuzidi inchi 2, yaani takriban sentimita 5, ni kuanza kutafuta matatizo. Sivijointi za mbele hufanya kazi kwa pembe kali kuliko ile zilizoundiwa, mipira yake hupasuka mapema, na vumbi likishaingia, safari yake ni fupi. Boljointi za juu hukaribia mwisho wa mwendo wake. Mpira wa breki wa nyuma huvutika. Magari mengi ya aina hii yana vali inayopima kimo cha nyuma ili kukisia uzito wa mzigo. Ukiinua gari bila kuirekebisha, vali hiyo itaamini kwamba gari ni tupu na kupunguza nguvu ya breki za nyuma, hata siku umebeba wagonjwa. Juu ya hayo yote, kitovu cha uzito hupanda, na barabara ya Mgeta ina kona zenye bonde upande mmoja.

Wapo wanaokwepa gharama kwa kuweka spesa, vipande vya plastiki ngumu au aluminiamu vinavyokaa juu ya springi ileile iliyochoka. Gari huonekana limeinuka. Uwezo wake wa kubeba haukuongezeka hata kwa kilo moja, na nafasi ya gurudumu kushuka kufuata shimo imepungua. Nimefanya kazi karibu na ofisi za umma kwa muda wa kutosha kuitambua tabia hiyo: cheo kimepanda, kiti kimebadilishwa, uwezo wa kuhudumia umebaki ulipokuwa.

Lakini somo kubwa lilikuwa chini kabisa ya gari. Fundi aliniita niiname, akanionyesha difu ya nyuma. "Hii," alisema, "hata ukifunga springi za inchi 4, haitapanda." Ni kweli. Springi huinua bodi na chesisi. Ekseli ya nyuma pamoja na difu yake hubaki zikining'inia kwenye kimo cha magurudumu. Kinachoinua difu ni tairi kubwa zaidi, na hapo unapata nusu tu ya tofauti ya kipenyo. Kutoka tairi la 265/70R16 kwenda 265/75R16, kipenyo huongezeka kwa milimita 26 hivi; difu hupanda kwa milimita 13. Upana wa kidole. Kwa hiyo mwenye gari anaweza kukaa juu zaidi, akaona mbali zaidi, na bado sehemu ya chini kabisa ya gari lake ikakwama kwenye jiwe lilelile lililomkwamisha jana.

Sijui mfano bora kuliko huo wa namna tunavyoyashughulikia matatizo ya umma. Mwenye uwezo hujiinua: hununua springi, jenereta, kisima, shule ya binafsi. Idara nazo hununua mashangingi ili mkaguzi wa barabara asihisi mashimo anayokwenda kuyakagua. Kila anayejiinua hivyo huondoka, pamoja na sauti yake, katika foleni ya wanaodai barabara. Wanaobaki chini ni wa bodaboda, wa pikapu za mboga, na mama anayeteremka na kapu la kabichi kichwani.

Na kujiinua huko kuna mpaka. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, mvua ziliikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi katika eneo la Somanga. Barabara ikishachukuliwa na maji, hakuna springi inayoweza kumvusha mtu. Aliyeinua gari na asiyeinua husubiri foleni moja.

Hatuwezi pia kusema kwamba hatukulipa. Kila lita ya mafuta tunayonunua ina tozo ya barabara ndani yake, na mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita, kwa maelezo kwamba nyongeza hiyo ingekwenda kwenye barabara za vijijini na mijini zilizo chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Mwenye bodaboda wa Mgeta ameilipa tozo hiyo sawasawa na mimi, lita kwa lita. Tofauti ni kwamba mimi nina akiba ya kununulia springi.

Nimezinunua. Nimechagua inchi 2, springi za mzigo wa kati, shokomzoba zake, mpira mrefu wa breki, bushi mpya, na kupima upya mwelekeo wa magurudumu. Nimeacha matairi makubwa, paa la mizigo na mapambo yote ambayo yangeongeza uzito bila kumsaidia aliyelala kiti cha nyuma. Silioni jambo hili kuwa dhambi. Mtu hawezi kumwambia mjamzito asubiri bajeti ya mwaka ujao.

Ila sitaki springi hizo ziwe barua yangu ya kujiuzulu uraia. Kijiji kina mkutano mkuu, kata ina diwani, na wilaya ina meneja wa TARURA. Kwa wanafunzi wangu mlioko vijijini, naomba kazi moja ya ziada: ulizeni katika mkutano huo ni kilomita ngapi za barabara ya kata zimetengewa fedha mwaka huu, kalavati lipi litajengwa, na mkandarasi ni nani. Andikeni majibu. Kwa ndugu watumishi wa umma mnaosoma hapa: swali la fundi wangu linawahusu ninyi pia kabla ya kusaini ununuzi wowote wa gari au ujenzi wowote wa njia. Barabara ile inabeba nini, na inambeba nani?