Gari la Maharusi Lidumu Tarakea

Sisi tulioolewa Tarakea tunaipenda Toyota Premio, ila jina pekee halidumishi gari. Premio za kuanzia 2001 zenye injini ya 1NZ, cc 1500, hutumia cheni ya taimingi badala ya mkanda. Cheni hukaa miaka mingi, lakini oili ikicheleweshwa hulegea. Gari likitoka kisiwani, tunakagua uvunguni kwanza, maana hewa ya chumvi huleta kutu. Tukiteremka kwenda Himo tunaweka gia ndogo ili breki zisichemke. Nyuma wamelala watoto. Gari ni amana. Ngamia hufungwa kwanza, ndipo tukatawakali. Bibi harusi, kabla hujasifu rangi, uliza: oili ilimwagwa lini? Allah atulinde njiani, amin.