Masikio ni amana: hedifoni ya kudumu na sauti iliyo wazi

Sifa njema zote anastahiki Allah (s.w), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), Aali zake na Maswahaba zake.

Mtoto wa Kiislamu anapozaliwa, miongoni mwa mambo ya awali anayopokea kutoka kwa wazee wake ni sauti ya adhana sikioni mwake. Tunatanguliza hilo ili msomaji asistaajabu kuona ukurasa wa familia ukijadili hedifoni, chombo ambacho wengi hukihesabu kuwa ni pambo la vijana. Leo darsa, mawaidha na visomo vya Qur'ani huingia majumbani mwetu kupitia simu. Tunavisikiliza ndani ya daladala, jikoni na kwenye foleni za hospitali, na staha inatutaka tusiwalazimishe jirani zetu kusikiliza pamoja nasi. Kinachokaa baina ya simu na sikio kimekuwa mlango wa elimu, na mlango huchaguliwa kwa makini.

Nyumbani kwetu suala hili lilikuja na uzito wake. Binti yetu wa miaka kumi anahifadhi Juzuu Amma kwa kumfuatiliza Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, ambaye mwaka 1961 alikamilisha kurekodi msahafu mzima kwa kisomo cha murattal. Upande wa pili yupo mzee wetu, baba mzazi, aliyetufundisha alifu na bee. Ujana wake aliumaliza kiwandani, katikati ya mashine za kufuma nguo. Sasa mjukuu wake anapomsomea, mzee huinamisha kichwa, humtazama midomo, kisha hutugeukia na kuuliza kwa sauti ya chini: "Amesema sin au swad?"

Swali hilo ndilo lililotufundisha namna ya kuchagua. Kelele ya muda mrefu haiondoi usikivu wote kwa pamoja. Huanza na sauti nyembamba za juu, na humo ndimo zilimo alama zinazotenganisha herufi kama the na sin, dhal na ze. Vijinywele laini vya ndani ya sikio vikishakufa havioti tena. Mtu huendelea kusikia kwamba kuna anayesoma, ila herufi zinakuwa zimemponyoka.

Hedifoni mbaya humdhuru msikilizaji kwa njia mbili. Kwanza, nyingi za bei ya chini zimetengenezwa ili besi ivume kwa nguvu, na mvumo huo hufunika herufi. Mtoto anayehifadhi kwa chombo cha namna hiyo hushika kile alichosikia. Pili, ikiwa haizuii kelele za nje, msikilizaji aliyemo kwenye daladala hupandisha sauti ili ishinde injini, na hapo sikio hubeba mizigo miwili. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa watu wazima, na desibeli 75 kwa muda huohuo kwa watoto. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda wa salama hupungua kwa nusu: kwa desibeli 83 zinabaki saa 20, na kwa desibeli 86 zinabaki saa 10.

Kwa ajili hiyo tunapendekeza hedifoni kubwa inayozunguka sikio lote, yenye mgongo uliozibwa. Sponji zake hukaa juu ya fuvu badala ya kuligandamiza sikio, nazo huzuia sehemu kubwa ya kelele ya nje, hivyo sauti ndogo hutosha. Akina dada wanaovaa juu ya ushungi waijaribu wakiwa wameuvaa, kwa sababu kitambaa kinene huacha mwanya, sauti ikapungua uzito, na mkono ukashawishika kuongeza. Vivyo hivyo kwa wenye miwani ya fremu nene.

Namna ya kuipima dukani ni nyepesi, na haihitaji utaalamu. Nenda na simu yako ikiwa na kisomo unachokijua kwa moyo. Weka sauti katikati, kisha sikiliza Suratun-Nas. Sura ile imejaa sin, na katikati yake imo swad moja katika neno linalotaja vifua. Ikiwa swad ile inasikika nzito na kamili, wala sin zilizoizunguka hazichomi sikio kama filimbi, sauti ni nzuri. Kisha sikiliza Suratul-Fatiha, utofautishe he nyepesi na he ya kooni. Ivae robo saa nzima kabla ya kutoa fedha, maana hedifoni inayobana kichwa huishia kabatini hata kama sauti yake ni asali.

Ama uimara, tazama mahali ambapo vyombo hivi hufia: waya kwenye shingo ya pini, bawaba za kukunjia, na ngozi ya bandia inayobanduka kwa jasho na unyevu wa pwani yetu. Swali la kumuuliza muuzaji ni hili: kikiharibika kipande kimoja, kitapatikana? Audio-Technica ATH-M50x ina waya unaochomoka, hivyo ukikatika unanunua waya tu. Sony MDR-7506, ambayo imo sokoni tangu mwaka 1991, ina waya usiochomoka, lakini sponji zake hubadilishwa na yenyewe hukunjwa ikaingia mkobani. Beyerdynamic DT 770 Pro, inayotengenezwa Ujerumani, haikunjiki, ila sponji zake hubadilishwa na vipuri vyake huuzwa. Kwa hii ya mwisho angalia namba ya omu: ya omu 250 huwa hafifu kwenye simu, na ya omu 32 au 80 ndiyo inayotufaa. Kama simu yako haina tundu la pini, kiunganishi kidogo cha tundu la chaji kinatosha.

Zisizo na waya zina raha yake, lakini betri yake huzeeka kila inapochajiwa. Anayeichagua aulize kama betri hubadilishwa, na kama hedifoni huendelea kufanya kazi kwa waya pindi betri inapokwisha. Tena ajihadhari na bandia: jina kubwa kwa bei ya kutupa ni dalili mbaya, basi adai risiti na waranti.

Gharama ndiyo iliyotufanya tukae kitako. Mama watoto alisema neno la haki: "Laki tatu na nusu ziende masikioni, na paa la jikoni linavuja?" Tukapiga hesabu. Ya shilingi elfu ishirini, ikidumu miezi minne, katika miaka mitano utakuwa umenunua kumi na tano, yaani laki tatu, ukabaki na takataka na bila ya herufi. Hata hivyo, kauli yake ilisimama. Tuliziba paa kwanza. Kisha tukaweka kidogo kidogo miezi mitano, tukanunua moja yenye waya wa kuchomoka, iwe ya nyumba nzima na ipangiwe zamu. Kumnunulia kila mmoja yake kungekuwa israfu, na kungemfungia kila mtu katika chumba chake cha sauti.

Zamu hiyo ina adabu zake. Anayeitwa na mzazi huivua kichwani kabla ya kuitika. Anayevuka barabara huivua pia, kwani bodaboda haisubiri mtu amalize aya. Mtoto halali nayo, na sauti haipiti nusu. Mzee wetu naye ana zamu yake baada ya Alasiri. Haisikii swad kama zamani, na hakuna hedifoni itakayomrudishia. Huivaa, hufumba macho, na midomo yake husoma pamoja na Sheikh herufi ambazo masikio hayamletei tena, kwa kuwa alizihifadhi yangali mazima.

Enyi wazazi wenzetu, Suratul-Israa imetukumbusha kwamba usikivu nao utaulizwa. Tuwachagulie watoto wetu vyombo vinavyotunza amana hiyo. Tunamuomba Allah (s.w) atubariki katika masikio yetu na macho yetu muda wote atakaotuhuisha. Wabillahi tawfiq.