Kaunta Buku la Bei za Hisa

Mpwa wake Mwalimu alidhani chati za hisa zilikuja na simu. Alisema hivyo bila ubaya wowote, wakiwa wameketi sebuleni Kitengela, huku kidole chake kikiteleza juu ya vijiti vya bei viitwavyo mishumaa, vya kijani na vyekundu. Chini ya mishumaa hiyo mstari wa RSI, kipimo cha nguvu ya bei, ulikuwa umezama chini ya 30.

“Mjomba, hii ya Portland imeuzwa kupita kiasi. Ninunue?”

Mwalimu, aliyefundisha hesabu katika shule za Kajiado hadi alipostaafu, hakumjibu. Aliinuka, akafungua kabati na kurudi na kaunta buku la kwaya tatu, jalada gumu jeusi, pembe zimelika. Kila kampuni ilikuwa na kurasa zake, na kila ukurasa ulikuwa na safu tano zilizopigwa kwa rula: tarehe, bei ya juu, bei ya chini, bei ya wastani, na idadi ya hisa zilizouzwa. Ile safu ya tano ndiyo aliyomwonyesha mpwa wake kwa kidole.

Mwalimu husema alianza kuandika mwaka 1999. Ukurasa wa kwanza, hata hivyo, ni wa Mumias, na Mumias iliingia soko la hisa mwaka 2001. Basi na iwe 2001. Lisilo na shaka ni mahali kaunta buku liliponunuliwa.

Palikuwa na duka kando ya barabara ya Namanga, si mbali na steji, enzi ambazo wengi bado waliita mahali pale Noonkopir. Leo pamesimama jengo la ghorofa. Mwenye duka alikuwa mama mmoja mnene, mpole wa sauti, mkali wa hesabu. Upande mmoja aliuza mafuta ya taa kwa kupima, upande wa pili vitabu vya Kasuku, penseli za HB na karatasi za grafu, na mbele ya kaunta magazeti ya siku. Harufu ya mafuta ya taa iliingia katika kila karatasi iliyotoka humo. Kiangazi, vumbi la barabarani lilitua juu ya rafu, na mama alipangusa vitabu kimoja kimoja kabla ya kumkabidhi mteja. Grafu alizoanza nazo Mwalimu, hata leo ukizifungua, mikunjo yake ina mstari wa vumbi.

Mama yule alikuwa na hisa za Kenya Airways za mwaka 1996, zilipouzwa kwa umma kwa shilingi 11.25. Cheti chake, maana siku hizo hisa zilikuwa cheti cha karatasi, alikihifadhi ndani ya mkebe wa majani chai chini ya kaunta. Kwa sababu hiyo ukurasa wa bei za hisa ulikuwa na heshima ya pekee dukani. Mteja aliyenunua karatasi ya grafu aliruhusiwa kusimama na kunakili bei bila kununua gazeti. Asiyenunua chochote aliambiwa aende akasome kwake. Mwalimu akikosa kupita siku moja, mama alimwekea gazeti chini ya mizani, na akifika alimwuliza kwanza, “Mwalimu, yangu imeamkaje?” Kisha alimwuliza ngapi zimeuzwa. Hakuwahi kusoma kitabu cha masoko, lakini hilo swali la pili hakulisahau hata siku moja.

Nyumbani, taa ikiwashwa, kazi ilianza. Wastani wa siku kumi haukuhitaji kujumlisha bei zote upya. Unachukua bei ya leo, unatoa ile ya siku inayoachwa nyuma, tofauti unaigawanya kwa kumi, halafu unaiongeza kwenye wastani wa jana. Wastani wa jana ukiwa 24.00, bei ya leo 26.00 na inayoachwa 23.00, tofauti ni 3.00, mgao wake ni 0.30, na wastani mpya ni 24.30. Nukta moja ya penseli, kazi imekwisha. Mkono uliorudia hesabu hiyo mwaka mzima ulijua kwamba wastani huchelewa kuifuata bei, na ulijua unachelewa kiasi gani.

RSI yenyewe ni kazi ya mkono. J. Welles Wilder, Mmarekani aliyesomea uhandisi, aliichapisha katika kitabu chake cha mwaka 1978 pamoja na majedwali ya kujaza kila siku. Aliweka siku 14, na mipaka ya 70 na 30, akiwaza masoko ya Marekani ya mikataba ya bidhaa, ambako mauzo hayakosekani. Tarakimu hizo ndizo zilizomo leo ndani ya kila simu Kitengela, kama zilivyo, na hapo ndipo Mwalimu hukasirika.

Hukasirika kwa sababu anaijua Portland. East African Portland Cement iko Athi River, jirani tu. Imesajili hisa milioni 90, lakini kwa miaka mingi Hazina ya Taifa, NSSF na kundi la Lafarge walishika zaidi ya asilimia 90 kwa pamoja. Zilizobaki mikononi mwa watu wengine ni chache, na wenye nazo huziuza kwa nadra. Katika kaunta buku zimo kurasa za Portland ambako safu ya tano ni vistari vitupu kuanzia juu hadi chini.

Sasa ingiza ukurasa kama huo katika fomula ya Wilder. Fomula hulinganisha wastani wa kupanda na wastani wa kushuka. Siku ambayo bei haikubadilika, wastani zote mbili hupungua kwa kiwango kilekile, uwiano wao haubadiliki, na RSI inabaki palepale. Hisa ikishuka Jumatatu ikaingia chini ya 30, kisha isiuzwe hata moja kwa wiki mbili, simu itaendelea kutangaza kwamba imeuzwa kupita kiasi. Programu ikiruka siku zisizo na mauzo, zile siku 14 huweza kuwa zimekusanywa kwa miezi miwili. Hata mchoro wa kichwa na mabega, ambao wengi huusoma kama dalili ya bei kugeuka, unaweza kuonekana vizuri kabisa huku bega la kulia limejengwa na hisa 100.

Wamaasai wanaopeleka ng'ombe mnadani Bissil hawahitaji kuelezwa jambo hili. Kabla ya kuuliza bei, mnunuzi hutazama wanyama wangapi wamefika. Fahali mmoja aliyeuzwa ghali asubuhi hajafanya soko.

Miaka iliyofuata ilikwenda mbio. Vyeti vya karatasi vilianza kuingizwa katika akaunti za kielektroniki za CDS mwaka 2004. Septemba 2006 kelele za ukumbi wa soko zilinyamazishwa na kompyuta. Mauzo ya hisa za KenGen yalikuwa yametangulia, kisha yakaja ya Safaricom, na kila msomaji anakumbuka foleni aliyosimama. Mama alifunga duka akarudi kwao. Mwalimu alinunua kompyuta iliyotumika na kuhamisha kurasa kadhaa kwenye Excel. Tovuti ya chati ya TradingView ilianza 2011, na sasa bei za Nairobi zimo ndani yake. Mwaka 2017 yakaja masharti ya biashara ya fedha za kigeni mtandaoni, na vijana wa Kitengela wakahamia huko kwa wingi, wakifundishana majina ya mishumaa usiku kucha.

Kitengela ya sensa ya 2019 ilikuwa na zaidi ya watu 150,000. Unaweza kununua simu ya aina yoyote kwenye barabara ileile ya Namanga. Mwalimu alizunguka akitafuta kaunta buku lenye karatasi nzuri, akaonyeshwa la karatasi laini inayopenyeza wino upande wa pili.

Hata hivyo mashine inayo nguvu ambayo penseli haikuwa nayo, na Mwalimu hulikiri hilo kwa furaha. Kampuni zote za soko la Nairobi, 60 na kitu, hupitiwa kwa sekunde chache. Basi alikaa na mpwa wake wakatengeneza kichujio chao. Sharti la kwanza: hisa iwe imeuzwa angalau siku 18 kati ya siku 20 za soko zilizopita. La pili: mauzo ya leo yawe mara mbili ya wastani wa siku hizo 20. La tatu: bei ifunge juu ya wastani wa siku 50. RSI huja mwisho, kwa hisa zilizopita masharti yote matatu tu. Portland haikufika hata sharti la pili.

Pia walikubaliana kuhusu mshumaa. Soko la hisa la Nairobi, NSE, hutangaza bei ya kufunga kwa wastani unaozingatia mauzo ya siku nzima, wala si bei ya muuzaji wa mwisho. Anayesoma mwisho wa mshumaa kama pigo la mwisho la siku, kwa ufundi wa Kijapani, anasoma kitu kingine.

Walipoingiza bei za zamani, chati ilipiga kelele: KCB imeporomoka asilimia 90 kwa siku moja mwaka 2007, na Equity vivyo hivyo mwaka 2009. Soko lina kikomo cha asilimia 10 kwa siku, kwa hiyo anguko la namna hiyo halingepita. Mwalimu alifungua kaunta buku. Pembeni mwa tarehe zote mbili, kwa wino mwekundu, alikuwa ameandika: hisa 1 imekuwa 10.

Mpwa amekwisha kugawanya kwa 10 bei zote zilizotangulia migawanyo hiyo, na wastani wa siku 50 sasa unapita hapo bila kuruka. Inayofuata ni Portland. Siku zenye vistari hazijazi kwa bei ya jana; anaziacha wazi, ili kichujio kizihesabu.