Neno Moja, Mizunguko Miwili

Kiswahili chetu cha kila siku kinalibebesha neno kuzunguka mizigo miwili. Dunia inazunguka jua kwa siku 365 na robo. Dunia hiyo hiyo inazunguka yenyewe kwa saa 24. Mtu mzima anajua unasema ipi. Mtoto anayejiandaa na mtihani anachanganya, na anakosa alama kwa kitu anachokijua.

Mimi nilisoma Uvira kwa Kifaransa. Watoto ninaowasaidia jioni hapa Kakuma wanasoma kwa Kiingereza, wakifika nyumbani ni Kiswahili cha Kivu. Nikawapa neno la kamusi: mhimili. Shida ni kwamba neno hilo wamelisikia redioni, mihimili mitatu ya dola, na wanaelewa nguzo. Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, hiyo nguzo ya dunia wameisimika wapi?"

Swali la haki kabisa. Tukaenda kwa fundi wa kinga, ndiyo baiskeli kwa watu wa hapa. Akaipindua juu chini, akazungusha gurudumu. Rimu inakimbia, spoki hazihesabiki, ekseli katikati imetulia. Basi mhimili ni mstari huo uliotulia, vingine vyote vinauzunguka. Ule wa dunia hauna chuma. Tunauchora kichwani tu, toka ncha ya kaskazini mpaka ya kusini.

Kisha wavulana wakaleta pia ya mbao. Ikiwa na nguvu inasimama wima. Ikichoka inainama, na kichwa chake kinachora duara. Hapo kuna mambo matatu: pia inajizungusha, mhimili wake umeinama, na mhimili wenyewe unakwenda duara taratibu. Dunia nayo ndivyo ilivyo. Imeinama kama nyuzi 23.5, ndiyo maana ndugu zetu waliohamishiwa Canada wanatupigia simu Desemba wakilalamika giza linaingia mapema. Duara la mhimili wake linachukua miaka kama 26,000.

Sasa sisi tumepatana hivi: kuzunguka ni kwa jua, kujizungusha ni kwenye mhimili, kuyumba ni mhimili wenyewe kwenda duara. Maneno matatu, vitu vitatu.

Ninyi mnaotunga mitihani na kutuletea vitabu, mtoto akiandika "dunia inazunguka", msikimbilie kalamu nyekundu. Muulizeni kwanza: inazunguka nini?