Baiskeli, mizabibu na breki ya kushoto

Najua nimewaacha kwa muda mrefu bila neno, na wengine mmeshaniandikia kuuliza kama nimehamia kazi nyingine. La, bado niko. Ni kwamba kwa wiki 5 nimekuwa nikiandika programu kwa mkono mmoja, na mtu anayechapa kwa mkono mmoja hana nguvu za kupiga porojo jioni. Leo plasta imetoka, kwa hivyo wacha niwasimulie yaliyonipata. Ukitaka mambo ya hifadhidata, subiri wiki ijayo. Leo ni baiskeli.

Nilikuwa Ujerumani kwa kazi ya miezi mitatu, mjini Mannheim. Kwa mpenda mitambo, huu ni mji wa kuuheshimu. Hapa ndipo Karl Drais alipopanda mashine yake ya mbao ya magurudumu mawili tarehe 12 Juni 1817, akaisukuma kwa miguu kama kilomita 7 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Haikuwa na pedeli wala mnyororo. Pedeli zilikuja miaka ya 1860 kule Ufaransa. Lakini wazo lenyewe, kwamba mtu anaweza kukaa juu ya magurudumu mawili yaliyofuatana na asianguke, lilianzia hapo.

Mimi nimezaliwa Busia, mpakani, na kwetu baiskeli si historia. Ni unga, ni karo, ni kodi ya nyumba. Kama wengi mnavyojua, jina boda boda lilitokana na vijana waliokuwa wakivusha watu na mizigo kwa baiskeli kati ya mpaka wa Kenya na ule wa Uganda. Mzee wangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa na Black Mamba, ile nzito ya chuma kitupu, ina keria nyuma ya kubeba magunia mawili na breki za vyuma virefu visivyo na waya. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye keria hiyo.

Siku niliyoenda shule ya bweni alinipeleka kwa baiskeli, sanduku nimelipakata. Tulipofika langoni akanishusha, akajifuta jasho, akasema: "Hii ndiyo safari yako ya mwisho kwa baiskeli. Ukirudi, rudi na gari." Alisema kwa utani, lakini mimi nilijua si utani. Kwa hivyo nilipoanza kupanda baiskeli za milimani huko Ujerumani kila wikendi, kwa starehe, sikumwambia. Akipiga simu Jumamosi namwambia nimepumzika nyumbani. Mtu mzima mwenye mvi mbili tatu namficha baba yangu kwamba ninapanda baiskeli! Chekeni tu.

Sasa twende kwenye safari yenyewe. Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba. Mfanyakazi mwenzangu aliniazima baiskeli yake ya mlimani, nikapanda treni hadi Neustadt an der Weinstraße, kama nusu saa hivi. Hilo neno la mwisho lina maana ya njia ya mvinyo. Ni barabara ya kama kilomita 85 iliyopewa jina hilo mwaka 1935, inayoanzia karibu na mpaka wa Ufaransa na kupita kijiji baada ya kijiji kuelekea kaskazini. Upande mmoja ni tambarare ya mto Rhine, upande mwingine ni msitu mkubwa wa Pfälzerwald, na katikati yao, pale milima inapoanzia, ni mizabibu. Jimbo hili la Pfalz lina zaidi ya hekta 23,000 za mizabibu. Milima inazuia mvua na upepo wa magharibi, ndiyo maana hata mitini na milozi inazaa huko, jambo ambalo sikulitarajia Ujerumani.

Na juu ya mizabibu kuna ngome. Si moja, si mbili. Kila kilima unachoinulia macho kina ukuta wa zamani. Mpango wangu ulikuwa kuanzia ngome ya Hambach na kumalizia ile ya Trifels, ambako Mfalme Richard wa Uingereza, yule wanayemwita Moyo wa Simba, alifungwa mwaka 1193 alipokuwa akirudi kutoka vita vya msalaba. Waingereza walitozwa fedha nyingi mno ili aachiwe. Niwaambie mapema: Trifels sikufika.

Hambach nilifika, tena nikihema kama mbwa. Ngome hii ni ya Zama za Kati, ikachomwa na kubomolewa mara kadhaa, mara ya mwisho na majeshi ya Ufaransa mwaka 1688. Lakini Wajerumani wanaikumbuka zaidi kwa siku moja ya baadaye, tarehe 27 Mei 1832, ambapo watu kama 30,000 walipanda kilima hicho na bendera za rangi nyeusi, nyekundu na dhahabu wakidai uhuru na umoja wa nchi yao. Rangi hizo ndizo bendera ya Ujerumani ya leo. Wenyeji wana jina jingine la ngome hiyo, Kästenburg, kwa sababu ya miti inayozaa kokwa za kahawia zenye maganda ya miiba. Wao huita kokwa hizo Keschde, na Oktoba zimetapakaa njia nzima. Kumbukeni hizo kokwa, tutazirudia.

Kutoka Hambach niliingia msituni, nikapanda hadi Kalmit, mita 673, kilele cha juu kuliko vyote katika Pfälzerwald. Kuna nyumba ya wapanda milima juu pale, unakunywa supu na kuangalia tambarare yote hadi mabomba ya viwanda vya Ludwigshafen. Nilijisikia mfalme. Nikaanza kuteremka kuelekea kijiji cha St. Martin.

Hapa lazima nieleze mambo ya breki kidogo, vumilieni. Kwenye baiskeli niliyojifunzia, breki ya mkono wa kulia ni ya gurudumu la mbele, ya kushoto ni ya nyuma. Kwenye baiskeli nyingi za Ujerumani ni kinyume. Mwenzangu alinionya, nami nikajaribu uani kwake mara tatu, nikaona nimeelewa. Tena mlimani nilikuwa naendelea vizuri kabisa kwa sababu nilikuwa nafikiria.

Halafu nikakata kona, na mbele yangu mzee na mkewe wakitembea na fimbo zao, na njia imejaa zile kokwa. Hapo hakuna kufikiria. Mkono ulifanya ulichofundishwa Busia. Mzee wangu alikuwa akiniambia kila siku: "Ukiwa kwenye mteremko, shika ya kushoto kwanza, tena shika kwa nguvu." Alikuwa sahihi. Kushoto ilikuwa nyuma, na breki za Black Mamba, hasa zikilowa, usipozikaba kwa nguvu zote hazikusikii.

Sasa chukua ushauri huo uupeleke kwenye baiskeli ambayo kushoto ni mbele, na breki zake ni za mafuta, zinazotaka kidole kimoja tu. Gurudumu la mbele lilisimama papo hapo. Uzito wote ukahamia mbele, gurudumu la nyuma likainuka, nami nikapita juu ya usukani kama gunia la mahindi.

Kichwa kilikuwa na helmeti, nashukuru. Kifundo cha mkono wa kulia ndicho kilichopokea dunia. Wale wazee wawili walitaka kuniitia msaada, lakini mimi kwa ile aibu ya mwanamume nikawaambia niko sawa, nikasimama, nikatabasamu. Walipokwisha kwenda nikatoa simu. Kioo kimepasuka, giza tupu. Ramani yangu yote, njia yote niliyoipanga kwa siku mbili, ilikuwa humo ndani.

Kilichonitoa msituni ni rangi. Katika msitu ule kuna alama zilizopakwa kwenye miti, mistari na misalaba ya rangi mbalimbali, zinazotunzwa na chama cha wapanda milima cha tangu mwaka 1902. Mti hauishiwi chaji. Nilifuata alama moja baada ya nyingine, nikisukuma baiskeli kwa mkono wa kushoto, hadi msitu ukafunguka na nikajikuta kwenye mizabibu juu ya St. Martin, na magofu ya ngome ya Kropsburg upande wa pili.

Watu walikuwa wakivuna. Tambarare kule huvunwa kwa mashine, lakini hapa mteremkoni walikuwa wakikata kwa mkono, wameinama, ndoo chini. Mmoja aliniona, akaacha kazi. Alitoka Romania, Kijerumani chake na changu vilikuwa vinachechemea pamoja. Alinipa maji, akanifunga mkono kwa kitambaa chake cha shingoni. Kisha akaitazama baiskeli, akanitazama mimi, akauliza: "Kazi?"

Nikasema hapana, natembea tu.

Akatikisa kichwa, si kwa ubaya, akarudi kwenye mizabibu yake.

Jamani, swali hilo lilinichoma kuliko mkono. Tangu asubuhi nilikuwa nimepita mashamba hayo nikipiga picha. Kwangu yalikuwa mandhari. Kwa yule bwana yalikuwa mgongo unaouma na pesa za kupeleka nyumbani. Nikamwona mzee wangu kwenye barabara ya Busia, na mtalii fulani ndani ya gari akimpiga picha, akiona anapendeza na magunia yake.

Hospitalini wakasema mfupa una ufa, plasta wiki 5. Jumapili nikaazima simu, nikampigia mzee. Niliamua kusema yote. Nikamwambia Baba, nimeanguka na baiskeli. Nimekuwa nikipanda baiskeli miezi miwili nikikuficha.

Akanyamaza. Nilijua sasa linakuja lile la gari.

Akauliza, "Ilikuwa mteremko?"

"Ndiyo, Baba."

"Ulishika ya kushoto."

Hakuwa anauliza. Mimi natafuta hitilafu za programu kwa mshahara, na hii ilinichukua usiku mzima kuielewa. Yeye aliipata kwa sentensi mbili, bila kuiona baiskeli, kwa sababu yeye ndiye aliyeiandika. Nikamweleza jinsi breki za kule zilivyo kinyume. Akacheka hadi akakohoa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Basi ni mimi niliyekuangusha."

Nikamwambia hapana, ushauri ulikuwa mzuri, baiskeli ndiyo iliyokuwa nyingine. Akafikiri kidogo. Akauliza kama hao watu wa zabibu wanabeba mavuno kwa baiskeli. Nikasema kwa trekta. Akasema hiyo ni akili. Halafu akauliza swali ambalo mwanaboda yeyote angeuliza: "Na baiskeli ya mwenyewe iko salama?"

Iko salama, Baba. Ina mikwaruzo tu.

Basi wasomaji wangu, funzo la kazi ni hili. Katika kila programu kuna chaguo-msingi, yaani mpangilio unaochukuliwa kama hukusema vingine. Nasi tunayo mikononi. Kujua kichwani kwamba mambo yamebadilika hakutoshi, kwa sababu siku ya dharura kichwa hakiulizwi. Ukiazima baiskeli nchi ya watu, ifanyie mazoezi ya breki hadi mkono uzoee, si mara tatu uani.

Desemba nakwenda Busia. Black Mamba bado iko, imeegeshwa nyuma ya jiko. Mzee ameniambia niende nayo sokoni, mara moja tu, aone kama bado najua.