Odio niliyoituma mwezi wa saba

Mwaka jana, mwezi wa saba, nilituma odio moja katika kundi la WhatsApp la kartie yetu, hapa Lubumbashi. Haikufika hata dakika 2. Mwanaume anasema haraka haraka: wale wanaoshuka treni kutoka Kasai ndio wanaovunja milango ya watu usiku, wamepanga ndani ya malupango yetu, wanaficha mapanga chini ya vitanda, mwenye lupango aliyewapokea awatoe, ao vijana watakuja kuwatoa. Mimi nilikuwa nimeipokea kutoka kundi lingine. Chini yake nikaandika neno moja tu: «Tuchunge.» Kisha nikaweka simu kwenye chaji, nikalala.

Wengi wenu mnanijua kwa sababu ya habari. Mtu mwingine akituma odio, watu wanasema labda ni uongo. Mtu wa habari akiituma, wanasema: «Hata yeye ameiweka.»

Asubuhi vijana kama 15 walikuwa wamesimama mbele ya lupango moja, njia ya tatu kutoka kwangu. Hawakupiga mtu. Mmoja alirusha jiwe juu ya mabati, mwenye lupango akatoka kuwaomba, shefu wa kartie akafika, wakatawanyika. Lakini siku ile ile familia iliyopanga nyumba ya nyuma, mama na watoto wake 4 pamoja na nyanya yao, ilifunga vitu ikaenda kwa ndugu, upande mwingine wa mji. Walikuwa wamekwisha kulipa kodi ya miezi 3. Hawakurudishiwa kitu.

Nilikwenda kuwaona baada ya siku 4, na kinasa sauti mfukoni, nikijidanganya kwamba ninatafuta habari. Nyanya ndiye aliyenipokea. Alinipa kiti, naye akakaa juu ya bido la maji.

«Papa, weye njo unasemaka mu radio?»

«Ndiyo, mama.»

«Na ile odio, weye njo uliituma?»

Sikuwa nimejitayarisha. Nikasema ndiyo, kisha nikaanza kueleza: si sauti yangu, nilitaka tu watu wachunge, wezi waliingia kweli nyumba 3 wiki ile. Aliniacha nimalize. Kisha akauliza kama niliisikiliza mpaka mwisho. Nikasema ndiyo. Huo nao ulikuwa uongo. Niliisikiliza mpaka katikati.

Alimwita mjukuu alete simu. Tukaisikiliza wote pale uani, watoto wamekaa kimya. Karibu na mwisho, nyuma ya sauti ya yule mwanaume, inasikika mvua. Mvua kubwa, inapiga mabati mpaka maneno mengine yanapotea. Ndugu zangu, mnajua mwezi wa saba ulivyo kwetu: baridi ya asubuhi, vumbi jekundu, majani makavu yanachomwa kila upande, na hakuna hata tone moja. Ile odio haikuwa ya wiki ile. Labda hata si ya mji huu. Mtoto wa masomo ya msingi angejua, kama angeisikiliza yote.

Nyanya hakunitukana. Aliniambia tu kwamba maneno kama yale alikwisha kuyasikia akiwa msichana, Likasi, wakati simu hizi hazikuwepo. Hapa lazima nisimame kidogo, maana vijana wengi wa kundi letu hawakuwa wamezaliwa. Mwezi wa nane 1992, Conférence Nationale Souveraine kule Kinshasa ilimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Jimbo letu wakati ule liliitwa Shaba, na gavana alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza. Katika siasa za siku zile Wakasai waliitwa «bilulu». Hakuna haja ya kuwaeleza ninyi maana yake. Bilulu ni kitu kinachokanyagwa. Vijana wa chama cha UFERI walipita nyumba kwa nyumba. Likasi, kisha Kolwezi mwaka 1993, walifukuzwa watu waliozaliwa hapa hapa, ambao baba na babu zao waliletwa wakati wa Wabelgiji kufanya kazi ya migodi na ya reli. Walikuwa zaidi ya laki moja. Walilala kwenye gare na katika masomo, wiki kwa wiki, wakingoja treni, na wengi walikufa palepale ao njiani, zaidi watoto wadogo.

Huyu nyanya alizaliwa Likasi. Alipanda treni ile. Alirudi Katanga miaka mingi baadaye, kwa reli ile ile, na sisi tukamwita mgeni aliyeshuka juzi.

«Ile wakati pia balikuwa banasema: tuchunge,» akasema.

Sikutoa kinasa sauti mfukoni.

Nilirudi nyumbani na hasira, na wazo langu la kwanza lilikuwa la kijinga: serikali ifunge makundi haya yote. Usiku nikakumbuka kwamba ilikwisha kufunga. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima karibu wiki 3. Uongo haukukatwa. Ulipita kwa mdomo, sokoni na ndani ya taksi, na hakuna aliyeweza kumuuliza mtu aliye pale jambo linaposemekana kutokea. Ninamkumbuka baba mmoja aliyekimbia vita upande wa Pweto. Mke wake alibaki nyuma na mtoto mchanga, na habari zake alizipata kwa WhatsApp tu. Siku zile zote alikuwa anakuja kuniuliza mimi, kana kwamba mtu wa radio ana waya wake wa pekee. Ninyi mliokimbia mnajua kuliko mimi: simu ndiyo inayosema nani yuko hai, barabara gani imefunguliwa, nyumba imechomwa ao ingali imesimama. Anayetaka kuwanyamazisha wote kwa sababu ya mjinga mmoja kama mimi, anawakata ninyi kwanza.

Sheria ipo pia. Code du numérique ya 13 Machi 2023, kifungu cha 360, inasema anayeanzisha ao anayepitisha habari ya uongo dhidi ya mtu kwa njia ya mitandao anaweza kufungwa mwezi 1 mpaka 6, na kulipa franga 500.000 mpaka 1.000.000. Anayepitisha, siyo anayeanzisha peke yake. Nilikisoma kifungu kile mara 3 nikihesabu miezi kwa vidole. Lakini shitaka la kueneza uongo ndilo pia lililomuweka mwenzetu Stanis Bujakera katika gereza la Makala, kuanzia Septemba 2023 mpaka Machi 2024, kwa sababu ya makala ya Jeune Afrique juu ya kifo cha Chérubin Okende, makala ambayo gazeti lenyewe lilisema si yeye aliyeiandika. Kwa hiyo mimi sitaki askari ndiye achague odio gani ni ya kweli. Nikisema hivyo, basi siwezi tena kumwambia yule nyanya kwamba nilipitisha tu.

Mwenzangu mmoja wa kazi hakukubali. Alisema tukiogopa kila odio, watu watasema tunawaficha wezi, na wezi wapo. Ana haki. Woga wa mji huu hatukuuokota njiani: tuliona Bakata Katanga wakiingia mjini tarehe 23 Machi 2013, na tarehe 14 Februari 2021 watu walikufa kule Kimbembe kambi iliposhambuliwa. Kusema wezi waliingia nyumba 3, usiku fulani, wakavunja mlango wa nyuma, polisi haikufika, hiyo ni habari, na itasemwa hata kama shefu wa kartie haipendi. Gavana akikosa, nitasema amekosa. Ile odio haikutaja mwizi hata mmoja. Ilitaja treni.

Sasa ninasikiliza mpaka mwisho, hata zile za dakika 9 (na mnapenda kuzituma, Mungu awasamehe). Ninauliza imetoka kwa nani, huyo naye aliipata kwa nani, na mara nyingi mtu wa tatu ananyamaza. Ninampigia mtu aliye mahali penyewe. Na picha za watoto waliokimbia, wamelala chini bila shuka, sizipitishi tena kama mama yao hajakubali. Huo ni ugonjwa mwingine wetu, tutausema siku nyingine.

Nilirekodi pia odio yangu mwenyewe, nikaiweka katika kundi lile lile. Nilitaja jina langu, nikasema niliituma bila kuimaliza, nikaeleza juu ya mvua, nikasema ile familia haikufanya kosa lolote. Watu 6 walijibu asante. Mmoja aliandika: «Wakasai wamekulipa ngapi?» Mwenye lupango alinitumia franga za kodi ya mwezi mmoja niwapelekee wale watu, bila kusema neno. Hawakurudi kwetu, wala sikuwaomba warudi.

Tuko mwezi wa kwanza sasa. Wiki mbili zilizopita, mtoto wa baba mkubwa anayekaa Kolwezi alinitumia ile odio ya zamani. Ni ile ile, sauti ile ile, mvua ile ile juu ya mabati. Chini yake mtu ameandika: «Imehakikishwa na mtu wa radio Lubumbashi.» Na kwa kuwa mvua inanyesha kweli siku hizi, hakuna atakayeshangaa kuisikia. Nilimjibu kwa kumtumia ile yangu. Mpaka leo asubuhi alikuwa hajaifungua.