Mota Haikuwa Mbovu

Mimi ni seremala hapa Nassa. Kikundi chetu kilinunua mashine ya kuranda mbao iliyokwisha tumika. Fedha tulizipata kwa kuuza pamba. Mota yake hutaka umeme wa njia tatu. Karakana yetu ina njia moja. Kwa hiyo tulifunga inveta. Chombo hiki hupokea umeme wa njia moja, volti 230, kisha huipa mota njia tatu.

Mashine ilizunguka. Lakini ubao ulipoingia, mota ilinguruma na inveta ikajizima. Fundi mmoja alisema mota imeungua, tuuze shaba yake. Wenzangu walihuzunika sana.

Nilisoma kibati cha mota. Kimeandikwa 230/400. Nyaya za mota hii hufungwa kwa namna mbili. Zikifungwa kwa nyota hutaka volti 400. Zikifungwa kwa pembetatu hutaka volti 230.

Nilizima umeme, nikangoja dakika 15. Kungoja huko si uvivu. Inveta ikizimwa, umeme hubaki ndani yake kwa muda, nao huua.

Nilifungua kisanduku cha mota. Nyaya zilifungwa kwa nyota! Mota ilikuwa ikipata theluthi moja tu ya nguvu zake. Nikazifunga kwa pembetatu.

Tuliranda mninga mpaka jioni.